FEZA INAKIMBIA: NANI ALIYEIFUKUZA?



Kuna neno moja tunalolisikia kila mara kazi inapopungua. Wakubwa wanalisema katika mikutano, magazeti yao yanalirudilia, na hata wengine kati yetu wamelishika kama katekisimu. Neno lenyewe ni hili: «Feza imetoka katika inchi kwa sababu yenu. Mliomba mshahara mkubwa. Mlifanya mgomo. Mlipiga kelele za siasa. Mwenye mali akaogopa, akachukua mali yake, akaenda zake.»

Leo tunalijibu neno hilo. Hatulijibu kwa matusi, maana matusi si hesabu. Tunalijibu kwa tarehe na kwa bei. Kazi yangu ni ya karani wa mgodi, na kila karani anajua sheria hii: ukitaka kumjua aliyechota gala, kwanza tazama siku gala ilipoanza kupungua, kisha tazama nani alikuwa na ufunguo siku ile. Mtu ambaye hakuwa na ufunguo usimtie mashaka.

FEZA ZA NAMNA MBILI, SAFARI ZA NAMNA NNE

Wanaposema «feza imekimbia», shurti tuulize kwanza: feza ya nani?

Kuna feza ya mgeni. Inatoka Brussels, London, New York, Toronto, na siku hizi zaidi inatoka China. Feza hiyo ina safari mbili. Safari ya kwanza, inaingia kwa wingi kama mafuriko ya mwezi wa kwanza. Safari ya pili, inasimama gafula, kama mto unaokauka katika kiangazi.

Kuna na feza ya mwenyeji, yaani ya mtu aliye ndani ya inchi hii, mkubwa wa serikali ao mfanya biashara. Hiyo nayo ina safari mbili. Ya kwanza, inatoroka kwenda kulala katika banki za Ulaya. Ya pili, mara chache, inarudi nyumbani.

Wenye kutulaumu wanachanganya safari hizi zote katika kikapu kimoja, halafu wanaweka kikapu kichwani pa mfanya kazi. Sisi tutazitenganisha. Tutaona kwamba mafuriko na kiangazi vya feza ya mgeni, mara nyingi, vinaanzia mbali na sisi. Na feza ya mwenyeji inayotoroka, haitoroki kutoka mfuko wa mtu anayengoja posho mwisho wa mwezi.

MARA YA KWANZA: KABLA YA BENDERA KUSHUKA

Wazee wanakumbuka, na vijana waambiwe. Baada ya vita vya 1940 mpaka 1945, na zaidi katika vita vya Korea vilivyoanza 1950, dunia nzima ilitaka shaba. Serikali ya koloni ikaanzisha mpango wake wa miaka kumi mwaka wa 1949. Ikajenga barabara, bandari, nyumba na mashule, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa kwa feza ya kukopa. Feza iliingia kama mafuriko. Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ikapanuka. Jadotville, ambayo leo ni Likasi, ikapanuka. Watu wakasema: maendeleo yamekuja na hayataondoka.

Mwaka wa 1956 tani moja ya shaba katika soko la London ilipita bei ya pauni 400. Mwanzoni mwa 1958 bei ile ilikuwa imeshuka chini ya pauni 200. Nani aliishusha? Mfanya kazi wa Kipushi? Hapana. Viwanda vya Amerika na vya Ulaya vilipunguza kununua, basi bei ikaanguka. Hapo kodi ya serikali ikapungua, kazi za ujenzi zikapungua, na katika Léopoldville vijana wengi wakabaki bila kazi.

Sasa tazameni tarehe. Fujo ya Léopoldville ilitokea tarehe 4 mwezi wa kwanza 1959. Bei ilikuwa imeanguka tangu 1957. Kwa hiyo njaa ilitangulia, na kelele ikafuata. Wao wanatuambia kelele ilileta njaa. Wamegeuza daftari juu chini.

Hatutaficha sehemu ya pili. Baada ya fujo ile, na zaidi baada ya mkutano wa Brussels mwanzoni mwa 1960 uliotaja tarehe ya uhuru, woga uliongezeka, na feza nyingi ikatoroka. Lakini nani aliitorosha? Mfanya kazi hakuwa na hesabu ya banki katika Ubelgiji. Waliotorosha ni makoloni na makompanyi, wale wenye ufunguo. Mambo yalikuwa makubwa hata serikali ya koloni yenyewe ikalazimika kuweka kizuizi cha kutoa feza kabla bendera yao haijashushwa.

Na walio wakubwa zaidi hawakuhitaji kutorosha kitu usiku. Walitumia sheria mchana. Tarehe 17 mwezi wa sita 1960, siku 13 kabla ya uhuru, Ubelgiji ilitoa sheria iliyoruhusu makompanyi ya koloni kuhamisha uraia wao kwenda Ubelgiji. Siku kumi baadaye ikavunjwa ile Comité Spécial du Katanga, iliyokuwa imeshika kwa mkono wa serikali sehemu kubwa ya nguvu juu ya Union Minière. Inchi ikapewa bendera, wimbo na deni. Mti ukabaki kwetu, na matunda yakaandikwa jina la mwingine.

Basi mara ya kwanza tumeona: mafuriko yaliletwa na vita vya Korea na mikopo. Kiangazi kililetwa na bei ya London. Utoro ulifanywa na wenye feza. Mfanya kazi yuko wapi katika hesabu hii? Yuko katika mstari wa mwisho tu, pale walipoandika majina ya waliopunguzwa kazi.

MARA YA PILI: MAFURIKO YA 1974

Mwanzoni mwa 1967 mali ya Union Minière ikawa ya serikali, na kompanyi mpya ndiyo baadaye ikaitwa Gécamines. Bei ya shaba ilikuwa nzuri. Tena mwisho wa 1973 inchi zenye mafuta ya petroli zilipandisha bei yao mara nne. Feza ile ya petroli ikajaa katika banki za Amerika na Ulaya, nazo zikatafuta mtu wa kumkopesha. Banki iliyojaa feza ni kama mama sokoni mwenye samaki mbichi: shurti auze kabla ya jioni. Wakaja Kinshasa na mikoba. Hawakuuliza sana kama deni litalipwa. Waliuliza tu: shaba ipo? Shaba ilikuwapo.

Wakakopesha. Ikaanza kujengwa njia ya umeme kutoka Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometa 1,700. Ukaanza mgodi mkubwa wa Tenke na Fungurume.

Mwezi wa nne 1974 tani ya shaba ilipita dola 3,000. Mwisho wa mwaka ule ule ilikuwa chini ya dola 1,500. Sababu gani? Bei ya petroli ilikuwa imevunja viwanda vya Amerika, Ulaya na Japani, navyo vikaacha kununua shaba. Feza ile ile ya petroli iliyotuletea mikopo ndiyo iliyoua bei ya kitu cha kulipia mikopo. Mwaka wa 1975 serikali ikashindwa kulipa. Mwanzoni mwa 1976 kazi ya Tenke na Fungurume ikasimamishwa. Banki zilizokuwa zikigombania mlango zikafunga mikoba.

Halafu pigo lingine. Tangu 1979 Banki Kuu ya Marekani, ikitaka kuponya bei za kwao, ilipandisha riba, yaani faida juu ya deni, mpaka karibu 20 kwa mia. Walifanya vile kwa ajili ya watu wao. Hawakufikiri Kolwezi hata dakika moja. Lakini deni la inchi nyingi za Afrika na za Amerika ya Kusini likafura kama maiti iliyolala jua, na feza ya dunia ikarudi New York kama kuku wanaorudi jioni.

Ni hapo penye fundisho kubwa, ndugu. Feza ya mgeni haitazami kwetu tu. Inatazama kwanza kwake. Kwake kukiwa na faida ndogo, inakuja hapa kutafuta faida kubwa. Kwake riba ikipanda ao hofu ikiingia, inaondoka, hata kama sisi tumekaa kimya kama watoto wa misa.

KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Lakini tusiseme kwamba yote yametoka ngambo. Mtu anayelaumu mvua tu, na paa lake limetoboka, hatapona.

Mali ya serikali ya wakati ule ilikuwa na matundu. Mwezi wa kumi na moja 1973 Raisi Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yapewe wenyeji. Wenyeji gani? Yalipewa wakubwa na marafiki zao. Wengi waliuza vitu vilivyokuwa dukani, wakafunga mlango. Mwaka wa 1978 Shirika la Feza la Dunia lilimtuma Mjerumani mmoja, Erwin Blumenthal, kusimamia Banki ya Zaïre. Alikaa karibu mwaka mmoja tu. Katika taarifa yake ya 1982 aliandika wazi kwamba wenye kudai wasitumaini kulipwa, maana wizi ulikuwa umekaa mahali pa serikali yenyewe.

Wenye elimu wawili, James Boyce na Léonce Ndikumana, walipiga hesabu ya inchi yetu tangu 1968 mpaka 1990. Walikuta kwamba feza iliyotoroka ilipita dola miliari 12, na miliari moja ni milioni elfu moja. Sasa linganisheni na deni. Mwaka wa 2010 wadai walipotusamehe, msamaha ulikuwa karibu dola miliari 12. Feza iliingia kwa mlango wa mbele na jina la deni letu sote. Ikatoka kwa mlango wa nyuma na jina la watu wachache. Deni likabaki la wote, na nyumba za Ulaya zikabaki za wachache.

Hao ndio waliokuwa na ufunguo. Je, hata mmoja wao alikuwa mchimbaji? Hata mmoja alikuwa mama wa soko la Kenya katika Lubumbashi?

TULIPOTAFUTA MCHAWI KATIKA KAMBI

Nasema sasa jambo linalouma, na chama cha kweli shurti kiseme yanayouma.

Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mashine hazikutengenezwa, vipande havikununuliwa, maana faida ilikuwa imekwenda Kinshasa, na kutoka Kinshasa imekwenda Ulaya. Mwezi wa tisa 1990 mgodi wa Kamoto ukabomoka chini. Wakopeshaji wakakatisha misaada. Mwaka wa 1994 shaba yote iliyotoka haikufika tani 40,000.

Posho ikakauka. Hapo wanasiasa wakaja katika kambi zetu, na badala ya kusoma hesabu, wakaonyesha kidole: «Mchawi wenu ni jirani aliyetoka Kasai. Amekula nafasi yenu.» Katika 1992 na 1993, Likasi na Kolwezi, watu wakafukuza watu. Mamia ya maelfu wakatolewa katika nyumba. Wengi walizaliwa hapa, baba zao walichimba hapa. Walilala katika gare wakingoja treni, na watoto wakafa pale na njiani.

Je, nyumba zilipochukuliwa, shaba ilipanda? Mashine za Kamoto zilifufuka? Feza iliyokuwa imelala Ulaya ilirudi? Hakuna. Miaka kumi baadaye, katika 2003 na 2004, zaidi ya wafanya kazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa kwa mpango uliolipwa na Banki ya Dunia, wakapewa sehemu tu ya yale waliyodai baada ya miezi mingi bila mshahara. Katika orodha ile hawakuuliza kabila la mtu.

Ndiyo maana jambo hili la feza si la wenye elimu tu. Mtu asiyejua feza inakwenda wapi, ni rahisi kumpa panga na kumwonyesha jirani. Tukilisahau hili, kiangazi kingine kitakuja, na wale wale watakuja tena na kidole chao.

MARA YA TATU NA YA NNE

Mwaka wa 2002 inchi ilipata sheria mpya ya madini, nyepesi sana kwa wageni. Wakubwa walisema sheria ndiyo iliyoleta mafuriko yaliyofuata. Ilisaidia, hatukatai. Lakini bei ilikuwa inapanda duniani kwa sababu China ilikuwa inajenga miji na viwanda. Katikati ya 2008 tani ya shaba ilikuwa karibu dola 9,000. Viwanda vidogo vya kuyeyusha vikaota Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kama uyoga.

Tarehe 15 mwezi wa tisa 2008, banki Lehman Brothers ikaanguka katika New York. Ilikuwa imefanya biashara ya madeni ya nyumba za Waamerika. Mwezi wa kumi na mbili tani ya shaba ilikuwa chini ya dola 3,000. Viwanda vikafungwa, wachimbaji wa mkono wakaacha mashimo, na mwanzoni mwa 2009 Banki Kuu yetu ilibaki na dola za kununulia vitu vya ngambo kwa siku chache tu.

Mtu mmoja atasema: ni vita vya Kivu vilivyoogopesha wenye mali. Jibu ni jepesi. Vita vya Kivu vilikuwapo 2006 na 2007 pia, wakati feza ilipokuwa ikimiminika. Sheria ya 2008 ilikuwa ile ile ya 2002. Raisi alikuwa yule yule. Kitu kimoja tu kilibadilika, na kilibadilika New York.

Mwaka wa 2015 China ilipunguza mbio. Glencore ikasimamisha kazi ya kutoa shaba katika mgodi wake wa Kolwezi. Mwanzoni mwa 2016 bei ikashuka chini ya dola 4,500. Dola zikapungua, na faranga ikaanguka: mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa karibu faranga 930, mwisho wa 2017 ilikuwa karibu 1,600. Mwenye mshahara wa faranga akapoteza karibu nusu ya nguvu yake, na hakuna aliyemwandikia barua ya kumpunguza mshahara.

Halafu ikaja sheria ya 2018. Hapo ndipo uongo ulipoonekana wazi. Serikali ilipandisha kodi ya shaba kutoka 2 mpaka 3.5 kwa mia, na ya kobalti mpaka 10 kwa mia. Ikadai kwamba kompanyi inayolipa bado mikopo yake irudishe katika inchi 60 kwa mia ya feza ya mauzo, ambapo zamani ilikuwa 40. Makompanyi makubwa yalilia: feza itakimbia, migodi itakufa! Tazameni sasa. Mwaka wa 2017 inchi ilitoa karibu tani milioni 1.1 za shaba. Mwaka wa 2024 ilitoa zaidi ya milioni 3. Feza haikukimbia kodi, maana bei ilikuwa nzuri na jiwe liko hapa. Mgodi hauwezi kubebwa katika sanduku.

Mwisho wa 2019 mgodi wa Mutanda ulisimamishwa kweli. Lakini tazameni bei: kobalti ilipita dola 90,000 kwa tani mwezi wa tatu 2018, na katika 2019 ilishuka chini ya dola 35,000. Wakati bei inapopanda, wanasema ni akili yao. Inaposhuka, wanasema ni kosa letu.

JIRANI ZETU WA KASUMBALESA

Vukeni mpaka Kasumbalesa, tazameni ndugu zetu wa Zambia. Mwaka wa 2012 riba katika Amerika ilikuwa karibu sifuri. Feza ya dunia ilitafuta mahali pa kula. Zambia, mara ya kwanza, ikauza hati za deni ngambo, dola milioni 750, kwa riba ndogo kuliko 6 kwa mia. Wakasifiwa sana. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wakakopa tena 2014 na 2015. Katika 2015 bei ya shaba ilikuwa imeanguka, na wakopeshaji wale wale wakadai riba ya karibu 9 kwa mia. Mwezi wa kumi na moja 2020, wakati wa ugonjwa wa Covid, Zambia ikashindwa kulipa.

Inchi mbili, serikali mbili, sheria mbili, na ugonjwa mmoja. Kama sababu ingekuwa tabia ya mfanya kazi wa Kolwezi, mbona mfanya kazi wa Kitwe anaumwa siku ile ile?

BASI TUFANYE NINI?

Wengine watasema: kama dhoruba inatoka ngambo, hatuna la kufanya. Hilo nalo ni neno la utumwa. Mvua hatuiamuru, lakini paa ni letu.

Inchi ya Chile inaishi kwa shaba kama sisi. Tangu 1991 mpaka 1998 waliiwekea feza ya mgeni sheria mlangoni: aliyeleta feza ya mkopo ao ya haraka haraka, shurti aache sehemu yake katika Banki Kuu mwaka mzima bila faida, 20 kwa mia kwanza, kisha 30. Mgeni wa kujenga alivumilia. Mgeni wa kulala usiku mmoja alilipa. Tena wakati bei ilipokuwa juu waliweka akiba. Mwisho wa 2008 mfuko wao ulikuwa na dola karibu miliari 20. Bei ilipoanguka, mwaka wa 2009 walifungua mfuko wakalipa kazi na misaada ya maskini, wakati sisi tulikuwa tunahesabu dola za siku chache.

Na sisi wenyewe tumeonja nguvu yetu. Mwezi wa pili 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti ngambo, na mwezi wa kumi ikaweka kipimo kwa kila kompanyi. Mwisho wa mwaka bei ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili. Kumbe mwenye jiwe ana mkono. Lakini bei ikipanda na faida ikatoroka, mkono wetu umefanya kazi kwa tumbo la mwingine.

Kwa hiyo tunadai haya, na kila mjumbe wa sendika ayasome kwa sauti katika kambi yake.

Kwanza, bei ya shaba ao ya kobalti ikipita kipimo fulani, sehemu ya kodi iwekwe katika mfuko wa akiba, na mfuko usifunguliwe mpaka bei imeanguka. Hesabu yake ibandikwe kila miezi mitatu.

Pili, kila kompanyi itangaze kila mwezi imeuza tani ngapi, kwa bei gani, kwa nani, na imerudisha feza ngapi katika banki za inchi. Kompanyi inayouza shaba kwa dada yake wa ngambo kwa bei ndogo, dada akaiuza tena kwa bei kubwa, imetorosha feza bila kuvuka mpaka na sanduku. Karani wa mgodi anaona tani zinazotoka. Raia nao waione bei.

Tatu, mkopo wowote wa ngambo upite mbele ya Bunge na mkataba wake uchapishwe. Deni linalolipwa na wote lisiandikwe na watatu usiku.

Ine, Katiba ya 2006, katika kifungu cha 99, inamwamuru raisi na mawaziri waandike mali yao na ya jamaa zao mbele ya Korti ya Katiba, wakiingia kazini na wakitoka. Tunadai maandiko hayo yasomwe na raia, nyumba za Ulaya na za Dubai zikiwa ndani.

Tano, mwanasiasa yeyote anayekuja katika kambi wakati wa kiangazi na kutaja kabila la jirani yako, mwulize kwanza: «Wewe, feza yako imelala banki gani?» Asipojibu, mrudishe alikotoka.

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatuwachukii wageni. Mgeni anayekuja kujenga, akalipa kodi, akalipa mshahara wa haki, akarudisha feza ya mauzo, milango iko wazi. Lakini mgeni anayekula akiondoka na sufuria, huyo mwenyeji hatapona naye. Na mwenyeji anayemwonyesha mgeni njia ya nyuma, huyo ni mbaya kuliko mgeni.

Mwaka wa 1960 tulipewa bendera. Daftari halikupewa nasi. Uhuru utakuwa kamili siku ile mchimbaji wa Kolwezi na mama wa soko watakapoweza kufungua daftari la inchi na kusoma: hii imeingia, hii imetoka, na huyu ndiye aliyeitoa.

Ndugu, msikubali tena kuitwa wezi wa gala ambalo ufunguo wake hamkupewa. Dai ufunguo.

UHURU WA BENDERA TUNAO. TUNATAKA UHURU WA DAFTARI!

Karani wa mgodi